Cheti cha Usimamizi wa Akili Mnemba na Mkopo wa Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilifaulu mtihani wa AIGP, cheti cha kitaaluma cha usimamizi wa akili mnemba ambacho IAPP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa faragha, ilianza kukitoa mwaka 2024. Nilikitafuta kwa sababu ya mama mdogo, anayeuza karanga na alizeti katika soko la Majengo hapa Dodoma. Aliomba mkopo kwa simu, akakataliwa, na alipokwenda kuuliza sababu, kijana wa dirishani alimjibu, "Mama, mfumo ndio uliokataa." Alirudi na karatasi ya hesabu za mauzo yake, aliyoikunja mara nne na ambayo hakuna aliyeomba kuiona.

Mtihani una maswali 100 ya kuchagua jibu, na 85 tu ndiyo yanayohesabiwa alama. Nilisoma usiku kwa miezi minne, nyumbani Nkuhungu, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia vumbi. Mwongozo wa vihatarishi vya akili mnemba wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na ISO/IEC 42001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia mifumo ya akili mnemba, vyote vya mwaka 2023, havikunisumbua. Kilichonikalisha ni Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo masharti yake yanaanza kutekelezwa kwa awamu. Sheria hiyo inaweka mifumo ya kupima kama mtu anakopesheka katika kundi la hatari kubwa, na inatenganisha majukumu ya anayetengeneza mfumo na ya anayeutumia katika kazi zake, kama taasisi ya mikopo.

Nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto mtengenezaji, kulia mtumiaji. Nilidhani upande wa kulia ungekuwa mfupi, lakini ulijaa: kuweka watu wenye ujuzi na mamlaka ya kuusimamia mfumo, kufuatilia unavyofanya kazi, kutunza kumbukumbu zake kwa angalau miezi sita, kumjulisha anayeamuliwa. Taasisi zetu nyingi hununua mifumo iliyotengenezwa kwingine, kwa hiyo nafasi yetu ni huo upande wa kulia, na kwa maoni yangu jibu la kijana wa dirishani halikubaliki hata kidogo.

Sheria ya Ulaya haifiki Majengo. Tunayo, hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inampa mhusika haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mtambo peke yake. Mtihani haukuniuliza habari zake. Niliisoma kwa ajili ya nyumbani.

Jumapili iliyopita tuliandika barua pamoja, mimi nikisoma kwa sauti na mama mdogo akinisimamisha kila alipotaka neno lielezwe, mpaka akaridhika kwamba tunachoomba ni mtu aupitie uamuzi ule upya na ampe sababu. Alisaini, kisha akafungua pochi, akaikunjua ile karatasi ya mauzo juu ya meza na kuniomba niiambatishe.