Nilivyoelewa gegedu linavyoupisha mfupa

Mtihani wa anatomia ulikuwa umekaribia na sura iliyonikaba ni ile ya mifupa ya kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mimba changa. Kukariri niliweza: kufikia wiki ya 6 au 7 umbo la mfupa wa paja limeshajengwa kwa gegedu, ile tishu laini kama ya sikio, na kuanzia kama wiki ya 8 mfupa wenyewe unaanza katikati yake. Lakini kitu laini hivyo kinakuwaje kigumu? Madaftari yetu yote hapo yalinyamaza.

Nikaenda bucha, hapa hapa Malindi, nikaomba paja la mbuzi mchanga.

"La supu, mwanangu?"

"La kusoma, mzee."

Akacheka, lakini akanitafutia dogo na kulipasua mfupa kwa msumeno, kwa urefu.

Nilipousuuza damu nikaviona vyote. Ncha zina gegedu jeupe, lateleza, kisu cha jikoni chapita. Katikati uboho mwekundu. Na karibu na kila ncha, mstari mwembamba umeukata mfupa kwa upana: bamba la ukuaji, mahali mfupa unaporefukia. Mstari huo ndio ulionifungulia sura nzima, maana kazi inayofanyika pale kwa mbuzi aliyekwisha kuzaliwa ndiyo ileile iliyoanzia katikati ya mfupa alipokuwa tumboni.

Seli za gegedu hujipanga safu, huvimba, na kitu kinachozizunguka hushika chokaa. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula hulifikia kwa kupenya polepole, na chokaa ikijaa, njia hiyo huziba. Seli nyingi hufa. Wakati huo ganda jembamba la mfupa limeshajengwa kwa nje, na mishipa ya damu hulitoboa na kuingia na seli za aina mbili: zinazomeng'enya mabaki, na zinazotandaza mfupa juu ya vipande vilivyosalia. Kwa hiyo gegedu, kwa sehemu kubwa, haligeuki mfupa. Linaupisha. (La papa wetu wa baharini halipishi: mifupa yake ni gegedu hadi kufa, ingawa nayo hushika chokaa.)

Mtihani ulipofika nilichora mstari kwanza, kisha nikapanga seli kutoka nchani kuelekea uboho, na maelezo yakafuata yenyewe. Mifupa bapa ya fuvu niliisoma kivyake, kwa sababu yenyewe hujengwa moja kwa moja bila kupitia gegedu, na ndiyo maana utosi wa mtoto mchanga, pale ambapo haijakutana, ni utando mtupu unaodunda.