Kioo cha mbele kimeingia kikiwa kizima

Leo jioni kioo cha mbele kimekaa kwenye pikapu ya zamani. Kizima, bila ufa!

Kimetolewa kwenye gari bovu la aina ile ile. Pikapu hizi kioo chake hushikwa na mpira, si gundi, kwa hiyo kukiokoa kunawezekana kabisa.

Ila usikisukume kwa miguu ukiwa ndani. Kata mdomo wa mpira kwa wembe upande wa nje, kuzunguka kote, kisha watu wawili wakiinue. Mpira wa zamani tupa, umekakamaa, utavujisha maji.

Kabla ya kukibeba, pitisha ukucha ukingoni. Kidonda kidogo cha ukingoni ni hatari kuliko mkwaruzo mrefu wa katikati.

Fremu ilikuwa na kutu kwenye kona za chini. Msasa mpaka chuma king'ae, praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi, ikauke. Kutu ikibaki huuinua mpira, kioo kinabanwa sehemu moja, halafu siku moja barabarani kinapasuka chenyewe.

Mpira mpya unavishwa kioo kwanza. Kamba ya milimita 5 ndani ya mfereji wake wa nje, ule unaoshika ukingo wa fremu, ncha zipishane chini katikati. Maji ya sabuni, mengi. Kioo kikishawekwa kwenye fremu, mmoja nje anakibonyeza kwa kiganja, mwenzake ndani anavuta kamba taratibu kuelekea katikati ya kioo.

Ule mdomo wa mpira unavyojikunjua juu ya chuma, kidogo kidogo, tap, tap... raha yake haielezeki.

Wenzangu, kona za juu mnazipitishaje?