Mlinzi Asiyesinzia na Damu Inayopanda

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe. Juma hili naomba tutafakari presha, yaani msukumo wa damu, na kinachotokea mwilini mtu anapoinuka kitandani alfajiri, kabla hata hajavaa kandambili, ili awahi ibada ya asubuhi. Anaposimama, takribani nusu lita ya damu huteremka kuelekea tumboni na miguuni, na kama hakuna kitu kingeizuia, ubongo ungepungukiwa damu naye angeanguka palepale.

Haanguki, kwa sababu katika mishipa ya shingo inayopeleka damu kichwani, na katika upinde wa mshipa mkuu utokao moyoni, zimo neva zinazohisi jinsi kuta za mishipa zinavyotanuka. Kuta zikilegea, habari hufika sehemu ya chini ya ubongo, na ndani ya sekunde chache moyo huongeza mwendo na mishipa midogo hujikaza. Figo nazo huchukua zamu ndefu zaidi: hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, walichokieleza watafiti Robert Tigerstedt na Per Bergman mwaka 1898, nacho huamsha mfululizo wa kemikali unaokaza mishipa na kuufanya mwili ubakize chumvi na maji. Nikiyasoma haya, Zaburi ya 121, inayomtaja mlinzi asiyesinzia wala kulala, hunigusa upya.

Hata hivyo, lipo jambo linalonihuzunisha. Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, neva zilezile huizoea, zikaanza kuilinda hiyo ya juu kana kwamba ndiyo ya kawaida. Tena ndugu zetu wengi, Mbagala hata Tegeta, hawasikii maumivu yoyote huku moyo, figo na ubongo vikiumia. Na ndiyo maana mtu aliyeombewa akajisikia mwepesi hawezi kuutegemea wepesi huo kuwa ushahidi kwamba amepona, bali apime, na asiache dawa bila kauli ya daktari.

Mama anayemeza kidonge chake cha presha kisha akapiga magoti hajapungukiwa imani hata kidogo. Dawa iitwayo kaptoprili huuzuia mwilini mwake mfululizo uleule ulioanzishwa na renini, na nyingine, losartani, huufungia mlango mbele zaidi, hivyo mishipa hulegea, na figo huachilia chumvi na maji zilivyoumbwa kufanya.