Upepo wa mbisho

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sikuwa na hamu hata ya kuandika, nawaambia ukweli. Mnajua niliacha kazi kwa sababu nilikataa kusaini risiti za uongo, nikajua Mungu atanifungulia fasta, sasa huu mwezi wa nne niko nyumbani, kodi imeisha na mwenye nyumba kashapita mara mbili. Jumanne mpendwa mmoja akaniambia nijichunguze, eti labda kuna dhambi nimeificha.

Nikafungua Mathayo 14. Hebu angalia mstari wa 22, Yesu ndiye aliyewalazimisha wanafunzi wake wapande chomboni, hawakujipeleka! Mstari wa 24, upepo ulikuwa wa mbisho. Sisi tuliokulia Tanga tunaujua huo, unakuja usoni, nahodha anapiga bisho huku na huku mchana kutwa na bado mnaiona minazi ile ile. Hawa walivuta makasia toka jioni mpaka zamu ya nne, yaani saa tisa usiku imeshapita, na Yohana anasema walikuwa wamekwenda stadia 25 au 30, kama kilomita 5 hivi. Usiku kucha! Na wengine wao walikuwa wavuvi kabisa.

Wahubiri tunapenda kusema ndege inapaa kwa kuuelekea upepo. Ni kweli, ila ikishafika juu upepo huo huo unaichelewesha na kula mafuta, London kwenda New York ni karibu saa zima zaidi ya kurudi. Kwa hiyo tusipambe, mbisho unachosha.

Lakini jamani, nani katuambia kila aliye kwenye dhoruba ni Yona, yule nabii aliyemkimbia Mungu akapigwa na dhoruba baharini? Mtu kafukuzwa kazi, Yona. Mtu kafiwa, Yona. Petro angekuwa wa kanisani kwetu usiku ule tungeshamwekea kikao! Marko 6:48 inasema Yesu akawaona wakitaabika. Akawaendea. Hakuwauliza wamekosa nini, aliwaambia jipeni moyo, ni mimi, msiogope. Wewe uliyetii na bado unasukumwa nyuma, umeonekana, endelea kuvuta hata kama ni hatua moja kwa siku.

Na hapo Roho akanigeukia mimi. Mwaka jana dada mmoja wa kwaya alipoharibikiwa mimba nilimwambia maneno yale yale niliyoambiwa Jumanne, tena nilimwambia mbele ya mumewe. Jana nimempigia kumwomba msamaha, simu ikaita mpaka ikakata. Jumapili baada ya ibada nitamfuata.