Diski ya video iligoma kusoma baada ya kufunga M.2: nilivyoirudisha

Nahariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye kazi hii kompyuta ikiwa nzito unavumilia, ila diski yenye kazi za wateja ikipotea, usingizi hauji. Yangu ilipotea siku ileile kompyuta ilipoongezewa nguvu.

Ni kompyuta ya mezani. Windows ilikuwa kwenye SSD ndogo (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA, yaani inayounganishwa kwa waya kwenye tundu la SATA, video zikikaa kwenye diski ya kuzunguka ya terabaiti 2. SSD ya SATA mwisho wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, na video za 4K zilikuwa zinakwamakwama, basi nikanunua M.2, SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ya aina ya haraka iitwayo NVMe, ambayo kwa njia ya data ya PCIe 3.0 inaweza kufika megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde. Fundi akaifunga, akaweka Windows upya. Wakati wa kuweka Windows aliichomoa diski ya video ili isije ikaguswa, na hapo alifanya sawasawa kabisa. Akairudisha kwenye tundu lake lilelile la zamani. Kompyuta ikawaka haraka ajabu, lakini diski ya video haimo.

"Dada, hii imekufa," akaniambia. "Hizi za kuzunguka zikishakuwa na umri, ukizigusa tu zinakwenda."

Sikukubali. Humo mlikuwa na harusi ya Pongwe ambayo wenyewe walikuwa hawajakabidhiwa hata picha moja.

Nilianzia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, na kila mtu namshauri aanzie huko kabla hajapakua programu yoyote ya kuokoa faili. Unawasha huku unabonyezabonyeza Delete (kompyuta nyingine ni F2), unaangalia orodha ya diski. Diski ikionekana pale lakini Windows haiioni, mara nyingi tatizo liko kwenye herufi ambayo Windows huipa diski (kama D au E) au kwenye mgawanyo wake. Isipoonekana hata pale, Windows haina kosa. Tafuta kwenye waya, umeme, tundu au diski yenyewe. Yangu haikuwepo. M.2 ilikuwepo.

Nikaweka kiganja juu ya diski wakati kompyuta inawaka. Ikatetemeka kidogo, kisha ikatulia kwenye mvumo wake wa kawaida, bila mlio wa kugongagonga. Kwa hiyo umeme unafika, na injini inazunguka. Nikabadilisha waya wa data, bado.

Hapo nikamwomba fundi aitoe M.2. Akauliza ya nini, na yenyewe inafanya kazi vizuri? Nikamwambia, kaka, hicho ndicho kitu pekee kilichoongezeka, tukitoe tuone. Akafungua kile kiskrubu kidogo, M.2 ikainuka upande mmoja yenyewe, akaivuta. Tukawasha, tukaingia BIOS: diski ya video hiyo hapo, jina lake na ukubwa wake kamili. Tukairudisha M.2, diski ikapotea tena.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha madabodi. Jina la madabodi huwa limechapwa juu yake. Nililitafuta kwenye tovuti ya waliolitengeneza, nikapakua kitabu kwenye simu. Chini ya jedwali la sloti (nafasi za kuchomekea vifaa), kwa herufi ndogo mno, waliandika kuwa sloti ya M.2 ikitumika, tundu la SATA 5 na la 6 yanazimwa. Njia za kupitisha data kwenye madabodi zina idadi maalumu, kwa hiyo watengenezaji wengi huzifanya zichangiwe na sloti na matundu. Diski yangu ilikuwa kwenye tundu la 5 tangu mwanzo.

Tukazima, tukachomoa waya ukutani, tukashikilia kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki uishe. Tukahamishia waya tundu la 2. Diski ikasoma.

Kazi haikuishia hapo, kwa sababu Windows mpya iliipa herufi D, na zamani ilikuwa E. Programu ya kuhariri ikadai video zote hazipo. Nilifungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kupangia diski, nikabofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikabadilisha herufi iwe E, na kila kipande cha harusi kikarudi mahali pake. Ukiwa humo, Windows ikikuomba uiandae upya au uifomati diski yenye kazi zako, kataa. Ombi hilo ni la diski mpya isiyo na kitu.

Kabla ya kuhariri chochote nilinakili harusi zote kwenye diski ya nje. Na kwa anayetaka kununua M.2: namba za matundu hutofautiana kwa kila madabodi, na mengine huzima tundu pale tu M.2 inapokuwa ya aina ya SATA. Soma jedwali la madabodi yako kwanza, kisha hesabu matundu yatakayobaki kama yanatosha diski ulizonazo.