Mbona Kisu Kimevaa Mpira

Jumapili binti yangu alikuwa ananisaidia kupanga sanduku la vifaa. Akatoa koleo, akatoa testa, akatoa kile kisu cha kukunja, akakigeuzageuza, kisha akauliza: "Baba, mbona kisu kimevaa mpira?"

Mpira wenyewe ni kipande cha tyubu ya baiskeli, upana wa kidole kidogo, nimekivisha katikati ya mpini. Nikamwambia unakizuia kisifunguke. Akashangaa. "Si kina kufuli?"

Watu wazima wengi wananiuliza hivyohivyo. Kufuli ya kisu cha aina hii inafanya kazi kisu kikiwa wazi tu. Kazi yake ni kukizuia kisijikunje kikakukata vidole ukiwa unakitumia. Kikishakunjwa, kufuli haina habari nacho tena. Hilo mimi nililijua nikiwa ndani ya daladala, karibu na Mwembechai.

Enzi hizo Mwendokasi haujaanza na mia tano bado ni noti. Tulikuwa na kazi Kimara, wiki nzima tunachimba ukuta kwa tindo kupitisha paipu, halafu tunavuta waya, wa moja na nusu kwa taa, wa mbili na nusu kwa soketi. Kisu ndicho kilikuwa kinamenya waya zote hizo. Nilikinunua Kariakoo kwa machinga, hakina jina, na nilikipenda sana kwa sababu kilifunguka kwa kidole gumba kimoja, huku mkono mwingine umeshika ngazi. Klipu yake ya kuning'iniza mfukoni ilivunjika siku ya tatu. Nikawa nakitumbukiza tu mfukoni pamoja na funguo.

Jioni hiyo Kosta imejaa, nimesimama. Konda akafika kwangu anachezesha sarafu kiganjani. "Braza, nauli." Mkono wa kushoto umeshika bomba la juu. Wa kulia nikauingiza mfukoni.

Maumivu hayakuja kwanza. Nilisikia ubaridi, kama nimegusa barafu, kisha kitu kikazama kwenye nyama ya kidole cha kati na kukaa hapo. Gari likayumba, na paja nalo likachomwa. Nikaelewa kilichotokea, na akili yote ikaniambia kitu kimoja: vuta mkono.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja, ndoo ya dagaa iko mapajani. Akanitazama usoni. "Mwanangu, una nini?"

"Kisu kimefunguka mfukoni."

"Basi usivute. Tulia hivyohivyo."

Akaita kwa sauti gari lisimame, na dereva akasogea pembeni. Yule mama akamkabidhi jirani yake ndoo, akauminya mpini kwa nje, juu ya jinzi, kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa kuku asipige mbawa. Akaukandamiza hadi ukaacha kucheza. "Haya, makali yako upande gani?" Nikamwambia nadhani upande wa nje. "Basi sogeza mkono kwa ndani, kwenye mgongo wa kisu. Taratibu. Ndiyo, sasa toa." Mkono ukatoka, na noti ya mia tano ikatoka nao, imelowa. Konda aliitazama, hakuipokea.

Nimefikiria mara nyingi ingekuwaje kama ningevuta. Kisu kilichofunguka nusu mfukoni kinakaa kama ndoana: ncha imeng'ang'ania kitambaa, makali yanaangalia pale vidole vinapopita. Na kisu hukata kwa kuburuzwa zaidi kuliko kwa kukandamizwa. Mkono ukisimama, jeraha linabaki lilivyo. Ukivuta, unakiburuza kidole juu ya makali urefu wote. Yule mama alilijua hilo, pengine kwa kupasua samaki miaka yote. Sikumuuliza jina. Alinifunga kidole kwa ncha ya khanga yake, akaniambia nibane na niinue mkono juu ya kifua, nisifungue kila dakika kuchungulia.

Zahanati nyuzi nne, sindano ya pepopunda, wiki mbili bila kazi. Paja lilikuwa na mkwaruzo tu, jinzi ilinisaidia.

Kidole kilipoanza kupona nilikipeleka kisu kwa mzee mmoja Gerezani anayenoa visu na mikasi. Nikamwamkia, nikamsimulia. Akakishika kikiwa kimekunjwa, upande wenye uwazi ukiangalia chini, akakitikisa kwa nguvu mara mbili. Ncha ikachungulia. Akachukua bisibisi, na kabla hajaigusa skrubu ambayo kisu kinazungukia akaniuliza: "Nani amelegeza hii?"

Mimi. Nilikuwa nimeilegeza robo mzunguko ili kisu kiwe chepesi.

Hakunigombeza. Alikifungua chote juu ya gazeti na kunionyesha, na maelezo yake ndiyo ninayowapa mafundi wenzangu hadi leo. Ndani ya mpini kuna vibati viwili, na kimoja kimekatwa kiulimi kinachosukumia ndani. Kisu kikiwa wazi, kiulimi hicho kinaegemea kisigino cha kisu, yaani kile kitako chake kilichoingia ndani ya mpini. Hiyo ndiyo kufuli. Kisu kikiwa kimekunjwa, kiulimi kinakuwa ubavuni mwake, na kimepachikwa gololi ndogo kama punje ya ulezi. Gololi inadumbukia kwenye kitundu kilichotobolewa kwenye ubapa. Kinachokishika kisu kisifunguke ni gololi hiyo tu kwenye kitundu hicho.

Kitundu changu kilikuwa kimeziba. Vumbi la saruji la Kimara lilichanganyika na mafuta niliyokuwa nayamimina kila asubuhi, yakawa uji, uji ukaganda, na gololi ikawa inateleza juu yake bila kudumbukia. Skrubu iliyolegea nayo iliviacha vibati vipanuke, kwa hiyo hata pale ilipotaka kushika haikuwa na nguvu. Juu ya hayo, kuna kile kitufe cha kusukumia kwa kidole gumba, kimejitokeza pembeni, kinanasa kwenye kitambaa na kwenye funguo. Na bila klipu kisu kiligeuka kikalala kinavyotaka, kichwa chenye skrubu kikawa chini na ncha ikaangalia juu, kule mkono unakotokea. Kikiwa na klipu, mgongo wa kisu unaegemea mshono wa nyuma wa mfuko, na mshono huo unakizuia hata kikitaka kufunguka. Changu kilikuwa na mfuko mzima wa kujinafasi.

Alikisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kitundu akakichokonoa kwa njiti, akakikausha. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye skrubu, basi. Skrubu akaikaza hadi kisu kikaacha kucheza kushoto na kulia, akairudisha nyuma kidogo sana, na kichwani akaidondoshea rangi ya kucha ili isijilegeze. Kisha akakiinua kisu kwa ukucha milimita moja hivi, akakiachia. Kikarudi chenyewe, tik. "Kisiporudi hivi, usikitie mfukoni."

Baba yangu alikuwa na Okapi, vile visu vyenye nyota na mwezi kwenye mpini. Vilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nasi tukiwemo, na tangu 1988 vinatoka Afrika Kusini. Chake kilihitaji mikono miwili na ukucha mgumu, kwa sababu springi ya mgongoni inakikandamiza kisigino hata kisu kikiwa kimekunjwa. Nilikiona cha kizamani. Baba alikaa nacho mfukoni miaka yote, na sikumbuki hata siku moja kimfungukie. Opinel ya Ufaransa ina pete ya chuma shingoni. Ilianza 1955 kukishika kisu kikiwa wazi, na kuanzia 2000 pete hiyohiyo inaweza kukifunga kikiwa kimekunjwa. Mpira wangu wa tyubu unajaribu kufanya kazi hiyo ya pili.

Kinachonisumbua ni kwamba wepesi nilioupenda ndio uliokifungua mfukoni. Ukikaza unapata usalama, lakini siku uko juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika, unatamani ule wepesi tena. Sijapata kipimo ambacho naweza kusema hiki hapa ndicho, kazeni hadi hapa.

Binti alijaribu kuuvua mpira kwa mkono mmoja, akashindwa. "Sasa ukiwa juu utafanyaje?"

Nikamwambia nauvua chini kabla ya kupanda, nauvaa mkononi kama bangili.

"Na ukishuka unaurudisha?"

Mara nyingi, nikasema. Akaniangalia. Nikauchukua mpira, nikauvuta, ukaonyesha nyufa pembeni, jua limeshaula. Nikamwomba alete mkasi na ile tyubu iliyoning'inia nyuma ya mlango. Tukakata miwili, mmoja nikauvisha kisu, na mwingine akauvisha yeye kwenye mpini wa testa, mahali nitakapouona kila nikishusha mkono.