Nilivyokata rufaa ya ubaguzi wa umri kazini kabla ya siku 90 kwisha

Nawaandikia hasa walioajiriwa na kaunti, waliovuka miaka 50, na ambao siku hizi kila mkutano wa idara wanasikia "wapisheni vijana". Neno hilo likiishia mkutanoni, linauma tu. Likiingia kwenye barua ya uamuzi, limekuwa jambo la sheria, na tangu siku hiyo kuna muda unaokwenda.

Kaunti iliyoniajiri siitaji. Ni mojawapo ya hizi zetu za Pwani. Mimi nakaa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi yangu ni ya uvuvi: napima samaki wanaposhushwa, naandika uzito na aina, nakagua leseni za vyombo. Niliomba kupandishwa cheo, nikaitwa kwenye usaili, nikajibu nilichoulizwa. Kisha ikaja barua ya ukurasa mmoja. Ilisema nafasi zimepewa maafisa "watakaotumikia kwa muda mrefu zaidi", na kwamba waliotimiza miaka 50 wanashukuriwa kwa utumishi wao. Nilikuwa na miaka 54.

Umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma Kenya ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, na kwa wenye ulemavu ni 65. Kwa hiyo mbele yangu ilikuwapo miaka sita ya kazi. Lakini maofisini bado wako wanaokuhesabia kwa ile 55 ya zamani, wakikuona umefika 54 wanadhani umeshafunga mizigo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko kukosa cheo chenyewe.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia tarehe. Barua ilikuwa imeandikwa tarehe moja, nami nikaipata majuma kadhaa baadaye, ilikuwa imelala kwenye trei ya karani. Nilipotia sahihi kwenye daftari la kupokelea barua, niliandika tarehe ya siku ile kando ya jina langu, nikamwomba karani aniruhusu kuupiga picha ukurasa ule kwa simu. Juu ya barua yenyewe nikaandika kwa kalamu siku niliyoipokea. Halafu, katika kuhesabu, nikaichukua ile tarehe ya mapema iliyochapishwa, si yangu. Ukihesabu kuanzia tarehe ya mapema hakuna atakayekuambia umechelewa, na ile picha ya daftari unabaki nayo kama akiba.

Muda ninaousema uko kwenye kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti anakata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 baada ya tarehe ya uamuzi. Yanaingia humo mambo ya kuajiriwa na kuteuliwa, mshahara, nidhamu, kustaafu, na pensheni. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiona kuna sababu ya kutosha, ila hapo unaomba hisani, na mimi sikutaka kuanza kwa kuomba hisani.

Mwenye shida sasa si sheria, ni sisi kwa sisi. Mkubwa wangu, kijana mwenye adabu zake, aliniita pembeni akaniambia, "Mama, hili ni la nyumbani. Nipe nafasi nizungumze na wakubwa, baada ya Ramadhani tutakaa." Nilimwamini kwamba ana nia njema. Baada ya Ramadhani ikawa baada ya Idi, na baada ya Idi mmoja wa kukaa naye alikuwa safarini. Wazee wangu pia walinishauri nisubiri suluhu, maana mtu kumshtaki mwajiri wake hapa kwetu huonekana kama kuvunja undugu. Nilimjibu mkubwa wangu, "Bwana, nakushukuru sana. Mazungumzo yaendelee, na mimi huku niandike." Hakufurahi, lakini hatukukosana.

Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza haki zao. Ahadi ya mdomo haisimamishi siku 90. Kikao cha wazee hakizisimamishi. Hata barua ya kulalamika uliyompelekea mkuu wa idara, ikajibiwa kwamba "suala linashughulikiwa", haizisimamishi. Mwenzetu mmoja wa idara nyingine aliachishwa kazi, naye sheria ilimpa miezi mitatu tu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Alizungushwa kwa maneno mazuri mpaka miezi ile ikakatika, na waliokuwa wakimwambia asubiri hawakupokea simu tena.

Katika kuulizauliza, mpwa wangu aliyeko Marekani alinitumia maelezo ya huko. Mfanyakazi wa serikali kuu yao mwenye miaka 40 na zaidi akibaguliwa kwa umri ana siku 45 za kumwona mshauri wa idara yake wa mambo ya usawa kazini, au anaweza kuiarifu moja kwa moja tume yao ya usawa wa ajira ndani ya siku 180 kwamba anakusudia kushtaki, kisha angoje angalau siku 30 kabla ya kufungua kesi. Nayataja kwa sababu maelezo ya aina hiyo huzunguka sana kwenye WhatsApp, na nimekutana na watu hapa wanaozitaja siku 45 au 180 kana kwamba ni zetu. Si zetu.

Nilipoandika rufaa niliegemea Katiba. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, lakini orodha yake ilivyotungwa haikutaja umri. Umri umetajwa waziwazi kwenye kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, pamoja na jinsia, dini, ulemavu na mengineyo. Ukiegemea Sheria ya Ajira peke yake, unampa wakili wa upande wa pili pa kukushika. Rufaa yangu ilikuwa fupi: uamuzi ni upi, wa tarehe gani, maneno yale ya miaka 50 nikayanukuu kama yalivyo, sifa nilizokuwa nazo kulingana na tangazo la nafasi, na ninachotaka Tume iamuru. Sikuandika habari za nani alinichukia.

Wakati huohuo niliiandikia bodi kuomba alama za usaili na vigezo vilivyotumika. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki hiyo, unaweza kuomba kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Jibu halikuja kwa wakati. Wengi hukwama hapo, wakaona hawawezi kukata rufaa bila karatasi zile. Mimi nilipeleka rufaa bila hizo karatasi, nikaandika mwishoni kwamba niliziomba tarehe fulani, nakala ya ombi nimeiambatisha, na nitaziwasilisha nikizipata. Zilikuja baadaye, na alama zangu zilikuwa juu ya za wawili waliopandishwa.

Bahasha ilivuka na boti hadi Mokowe, ikapanda basi la Nairobi. Binamu yangu aliipokea, akaipeleka kwa mkono Harambee Avenue, makao ya Tume. Nilimwagiza asiondoke pale bila nakala yangu kupigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Alinitumia picha: muhuri wa wino wa buluu, umepinda kidogo, tarehe inasomeka. Siku 90 zilikuwa bado hazijaisha, na usiku ule nililala.

Kuna waliokuwa wakiniambia niende moja kwa moja Malindi, kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa kuwa madai ya mkataba wa kazi yana miaka 3, na dhara linaloendelea lina miezi 12 tangu likome. Muda huo upo kweli. Ila mtumishi wa kaunti akiruka Tume, mahakama itamrudisha: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka njia ya rufaa imalizwe kwanza, na Mahakama ya Rufaa ilishasema hivyo mwaka huohuo. Miaka 3 isikulaze. Kwa mtu kama mimi, mlango wa kwanza hufungwa siku ya 90. Na anayekuambia madai ya Katiba hayana ukomo, mwambie majaji huuliza kwa nini ulikaa kimya, na huwa hawapendi jibu la "nilikuwa nasubiri".

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Bodi ilijibu kwamba haikubagua, ilikuwa inapanga warithi wa nafasi. Tume haikukubali: kupanga warithi ni haki ya mwajiri, lakini si kwa kumwondoa mtu kwenye hesabu kwa sababu ya miaka yake. Ikaamuru maombi yaangaliwe upya bila kigezo kile. Yaliangaliwa, nikapata cheo pamoja na wenzangu wawili waliokuwa na barua kama yangu, ambao walikata rufaa zao baada ya kuiona yangu, muda wao ukiwa unakaribia kukatika.

Kilichobaki ni tofauti ya mshahara ya kipindi kile nilichozuiwa. Hapo sasa ndipo miaka 3 inapohusika. Barua ya kudai nimeshaipeleka, nakala yake imepigwa muhuri, na nikiona kimya kinazidi nitakwenda Malindi mapema, muda ukiwa bado mwingi.